Barua Niliyoinakili Mara Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kalamu.

Nalisema kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazipanga, nikishazipanga nitazirekebisha, na kikao kitaisha hamjasikia lolote. Wanaonijua wanacheka. Chekeni tu. Nimekaa vikao vinne katika ukumbi huu nikisikiliza shuhuda zenu, na kila nilipoitwa nilijibu, "Mimi bado sijaiandika vizuri." Leo nimekuja bila karatasi. Mikono hii mnaiona, haina kitu.

Nyinyi mlio hapa, wengine mmepata kiharusi wenyewe na wengine mmewauguza wenu, kwa hiyo hamna haja ya kuelezwa asubuhi ya namna hiyo ilivyo. Ya kwetu ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa ukungu na baridi, mwaka ule ambao baadaye ulileta mvua za El Nino. Mama alikuwa amemaliza kukamua. Baba yangu alifariki zamani, hivyo nyumbani tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mezani na redio ya jirani, nimeifungua. Kazi ya redio nilijifunza kwa kufungua zilizokufa na kuangalia zimekufia wapi. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimejifundisha kila ninachokijua kwa kusoma chochote kilichoandikwa, hata gazeti lililofungia nyama. Mtu wa namna hiyo ana ugonjwa wake. Kila siku anaogopa kwamba waliofundishwa watamkuta na kosa.

Nikasikia kikombe kikianguka jikoni. Nilipofika, mama ameketi kwenye kigoda, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Nikamwita, "Maitu!" maana ndivyo kwetu tunavyomwita mama. Akatoa sauti isiyokuwa neno.

Ndugu zangu, sasa nawaambia yaliyotokea hasa, si yale niliyowaambia watu kwa miezi mingi. Niliketi nikaandika barua. Niliwaza hivi: hospitalini daktari ataniuliza, nitababaika, Kiingereza changu kitavunjika, ataniona mjinga, na mama atatibiwa kama mama wa mjinga. Afadhali nimpelekee yote kwenye karatasi, kwa mpangilio. Mstari wa nne nikakosea neno, nikalikata. Barua iliyokatwakatwa haiendi kwa daktari. Nikaichana, nikaanza ya pili.

Nikiwa katikati ya hiyo ya pili, honi ikalia langoni. Ilikuwa pikapu ya jirani yetu, ile inayobeba kila asubuhi maziwa ya ukingo wetu, yaani nyumba zote za mgongo huu wa kilima. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, maziwa iko wapi leo?"

"Yaache leo. Mama ni mgonjwa."

"Mgonjwa aje? Si umlete nimpeleke?"

"Ningoje kidogo, namaliza kitu."

Alingoja. Nataka mlisikie hilo vizuri: alingoja. Akapiga honi tena, na tena. Mwishowe akapaza sauti, "Wewe, maziwa ya watu itaharibika! Nikishusha nitarudi!" Akaondoka. Na mimi, badala ya kumkimbilia, nilishukuru, kwa sababu ile honi ilikuwa inaniharibia mwandiko.

Barua ya tatu ilitoka safi. Haikuwa na doa. Pikapu iliporudi ukungu ulikuwa umeshatoweka, jua limefika kwenye majani ya kahawa. Tukamlaza mama nyuma, katikati ya mitungi mitupu, kichwa chake mapajani pangu. Hospitalini daktari aliipokea ile barua, akaiweka chini ya faili bila kuisoma, akaniuliza swali moja: "Ilianza saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi tu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliutoa jioni, shangazi yangu alipofika wodini. Sisi tunamwita Tata, ni dada wa baba, mwanamke asiyenong'ona hata kanisani. Akaniuliza mbona tulichelewa. Nikamwambia gari lilikosekana. Akauliza, na pikapu ya maziwa? Nikasema dereva hakukubali kungoja.

Tata akienda na neno, neno linafika. Kabla mama hajatoka wodini, watu wa ukingo mzima walikuwa wakimwangalia yule dereva kama mtu aliyechagua maziwa akaacha roho. Wengine waliacha kumpa mizigo. Mimi nilinyamaza.

Mama alipata nafuu kidogo. Miguu ilirudi, kwa fimbo. Maneno yalikuwa machache na yamekatika. Mkono wa kulia ulibaki vilevile. Siku ya kutoka, mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye haraka, alichana kipande cha boksi la glavu, akaandika kwa penseli mistari mitatu iliyopinda: Mkono ufanye kazi. Kila siku. Hata kama ni vibaya. Akanipa kama mtu anayetoa risiti.

Nilidharau ile karatasi. Nilitegemea dawa yenye jina refu, huyu ananipa kipande cha boksi! Hata hivyo niliinakili kwa wino kwenye karatasi nzuri, nikaibandika ukutani, na nilipokuwa nainakili niliuacha ule mstari wa tatu. Niliona unachafua. "Hata kama ni vibaya" ni maneno ya mtu mvivu, nikajiambia, si maneno ya hospitali.

Kisha nikaanza kumtunza mama, na hapa ndipo nilipoanguka kweli, ingawa kila mtu aliniona nimesimama. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimfunga vifungo vya sweta. Mkono wake niliuweka juu ya mto kama yai, na mara sita kwa siku niliunyoosha mwenyewe vidole kimoja kimoja, saa ikiwa mbele yangu, nikiandika kwenye daftari. Akijaribu kushika kikombe na kukimwaga, nakichukua. Mnajua desturi yetu: mgonjwa hagusi kazi. Majirani wanaleta uji na kuni, na mtoto anapimwa kwa jinsi anavyomzuia mzazi wake kuinama. Wakaja, wakanisifu. "Mama huyu amebarikiwa na kijana." Kila sifa ilinichoma, maana najua kalamu ilikuwa wapi asubuhi ile.

Mama naye akawa anapungua. Si mwili. Ni kama mtu aliye garini akiangalia nje ya dirisha, anapelekwa tu.

Wakati huo nilikuwa nakwenda maktaba ya Nyeri mjini siku tatu kwa wiki. Tata anakaa na mama, mimi nakaa na kamusi. Kulikuwa na majarida ya udaktari ya zamani yaliyoletwa kama msaada, kurasa nyingine hazijawahi kufunguliwa. Nilikuwa natafuta dawa ya kufuta kosa langu, kwa lugha rahisi.

Nikasoma kwamba kiharusi kikishika, damu haifiki sehemu fulani ya ubongo. Seli za katikati zinakufa upesi sana. Lakini kuzizunguka kuna nyingine ambazo hazijafa, zimezimia tu, na kwa muda fulani zinaweza kuokolewa. Nilifanya kazi ya mpunga msimu mmoja huko Mwea, kwa hiyo sikuhitaji kamusi kulielewa hilo. Mfereji ukiziba kuna mpunga unaokauka moja kwa moja, na kuna wa pembeni unaonyauka ukiwa bado unavuta unyevu wa jirani. Ukifungua maji mapema, mpunga huo unasimama tena. Ukichelewa, utafungua maji yapite juu ya makapi.

Wanasayansi walikuwa wanajaribu dawa za kuzikinga hizo seli za pembeni zisife wakati mfereji umeziba. Kwa panya, baadhi zilifanya kazi. Nilipofika hapo niliruka kutoka kitini, mwenye kusimamia maktaba akaniangalia juu ya miwani. Nikaona nimepata. Nitaandika barua, nitatafuta daktari wa Nairobi, mama atapewa hiyo dawa, mkono utarudi, na hakuna atakayehitaji kujua.

Wiki nyingi nilisoma nikiwa na tumaini hilo. Halafu, alasiri moja mwezi wa kumi na moja, mvua ikipiga bati hata husikii mtu akikohoa, nikafika kwenye kurasa za mwisho za makala niliyokuwa nimeitafsiri neno kwa neno. Ilisema mambo mawili. La kwanza, dawa zilizowasaidia panya, zilipojaribiwa kwa watu, mara nyingi hazikusaidia, na hawajajua vizuri kwa nini. La pili, hata ikipatikana ya kusaidia, lazima itolewe katika saa za mwanzo, kabla zile za pembeni hazijafa.

Saa za mwanzo. Mimi saa za mwanzo nilikuwa nanakili.

Nilifunga jarida. Ninatengeneza redio, ndugu zangu. Najua kitu kikiungua ndani hakioti tena. Nilijiambia mama ameungua, na aliyemuunguza ni mimi. Nikatoka bila kofia, nikatembea kwenye ile mvua kuelekea nyumbani, na sitawaambia yote niliyoyawaza nilipofika kwenye daraja la mto. Mungu anayajua, na baadhi yenu mmewahi kuyawaza.

Sasa, barabara ya kwenda kiwanda cha kahawa ilikuwa imekatika kwa mvua. Mnaojua kahawa mnajua karani hapimi debe lako mpaka umeimwaga kwenye gunia ukaichagua, nyekundu huku, mbichi kule, iliyooza pembeni. Kwa kuwa kwetu ni juu, karibu na barabara kubwa ambako lori liliweza kufika, wanawake wa ukingo wetu walikubaliana kuchagulia chini ya banda letu. Nilikuwa nimesahau. Nilipoingia langoni nikiwa nimelowa, nikakuta wanawake saba wameketi juu ya magunia, miguu imenyooshwa, vicheko vimejaa.

Wa nane alikuwa mama.

Ameketi sakafuni. Sakafuni! Mbele yake kuna fungu la kahawa, na ule mkono wa kulia, ule yai langu, unaburutwa juu ya gunia ukisukuma matunda. Mkono wa kushoto siuoni. Tata alikuwa ameufunga ndani ya leso, kiunoni.

"Tata, unafanya nini?"

"Nachagua kahawa. Wewe umetoka kuogelea?"

"Mbona umemfunga mama mkono?"

"Huo wa kushoto ni mtoto wa bidii," Tata akasema, wala hakuinua macho. "Akiwa hapa, huyu mwingine analala tu, anajua atafanyiwa. Nimemfungia nyumbani."

"Mnamtumikisha mgonjwa!"

Mmoja wao akasema, "Ati kumtumikisha? Tulimwacha kitandani. Amekuja akijivuta mwenyewe, na amekataa kurudi."

Nikapiga magoti kumwinua. Ndipo nikaona fungu lake. Ndugu zangu, ilikuwa aibu. Nyekundu na mbichi zimechanganyika, nyingine zimepondwa, nyingine zimebingirika mpaka kwenye maji ya mvua. Na mimi ni mimi. Nikasahau hata kumwinua. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye lile fungu, nikaanza kuzitoa mbichi ili fungu la mama likae sawa.

Akanichapa.

Kofi la kweli, juu ya kidole gumba, na halikutoka mkono wa kushoto. Ule ulikuwa umefungwa. Kisha akasema neno moja, zima, lisilokatika, "Tiga!" Wacha. Halafu akaona kama sikuelewa Kikikuyu, akaniongezea kwa Kiswahili, polepole: "Wacha. Hii... ni yangu."

Banda likalipuka kwa vicheko. "Umechapwa!" "Mkono umeamka na hasira!" Tata alicheka mpaka akaegemea nguzo. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nimeshika kidole, na maji yaliyokuwa usoni mwangu hayakuwa ya mvua peke yake.

Niliingia ndani nikaangalia ile karatasi yangu nzuri ukutani. Kisha nikatafuta kwenye faili kile kipande cha boksi, maana mtu kama mimi hatupi kitu. Hata kama ni vibaya. Dawa niliyokuwa naitafuta kwenye majarida niliikata kwa mkono wangu kwa sababu haikupendeza.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama kwa yule mama wa mazoezi. Akamshika vidole, akamwambia sukuma, vuta, kisha akauliza tumefanya nini. Tukamweleza habari ya kahawa na leso. Akacheka, akasema kuna madaktari huko nje wanaolichunguza hilohilo, kuuzuia mkono mzima ili mbovu ulazimike. Akanifafanulia kitu ambacho redio hazikunifundisha. Seli zilizokufa hazifufuki. Lakini zilizo hai zinaweza kujifunza kazi ya zilizokufa, mradi ziombwe kazi hiyo kila siku, mara nyingi, nazo zikubaliwe kuikosea kwanza. Mimi kwa miezi minne nilikuwa nimezikataza kukosea.

Nikamuuliza lile lililokuwa linaniua. Kama ningemleta mapema?

"Ukimleta mapema ni bora kila wakati," akasema. "Kwa mama yako ingekuwa tofauti gani, mimi sijui. Hata daktari hajui. Usijidanganye kwamba unajua."

Hiyo haikuwa faraja, lakini ilikuwa kweli, na nilikuwa na njaa ya kitu cha kweli.

Siku hiyo, tukiwa tumekaa bandani na magunia, nilimwambia mama. Nilimwambia kuhusu barua tatu, kuhusu honi, na kwamba nilimsingizia dereva. Nilisema vibaya, nikirudiarudia. Yeye aliendelea kusukuma kahawa. Mwishowe akasema, kipande kwa kipande:

"Nilikuona. Unaandika. Nikasema... huyu ataandika... mpaka nife."

Na akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Niliposhindwa kucheka naye, akaacha kucheka. Akainua ule mkono wa kulia, ukachukua muda mrefu njiani, akauweka kichwani pangu. Ulikuwa mzito na una utomvu wa kahawa. Kisha akasema, "Nenda kwa mtu wa maziwa."

Nilikwenda. Nilimkuta anaosha mitungi. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Alinisikiliza, akaweka mtungi chini, akakaa juu yake. Akasema, "Kijana, unajua mimi silali? Kila siku nasema ningeshuka tu nimbebe huyo mama, badala ya kukaa hapo napiga honi kama mjinga." Miezi yote ile nilimwachia lawama, naye alikuwa ameiamini. Jumapili ile nilisimama kanisani nikasema mbele ya watu ni nani alingoja na ni nani aliandika. Tata hakuniongelesha siku tisa. Ya kumi akaja na kikapu cha viazi, akasema, "Umenifanya muongo ukingo mzima, na mimi bado nakupenda, kwa hivyo nyamaza umenye hizi."

Yule ndugu wa maziwa yuko hapa leo, ameketi karibu na mlango. Simtaji jina. Namwambia tu asante kwa kungoja. Mama wa mazoezi, asante kwa penseli yako. Tata, ambaye najua unawaambia walio karibu nawe kwamba nimeruka mahali fulani, asante kwa leso. Na wanawake saba wa banda, nyinyi mlimpa mama fungu lake wakati mwanawe alimpa mto. Mungu aliyewatuma sikuwa nimemwandikia hata mstari.

Nikiruhusiwa kuacha neno moja kwa walio na mgonjwa mpya nyumbani: mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakipotea, msitafute nguo safi, msitafute maneno, msimngoje mjomba wala mchungaji. Tafuteni gari. Na akisharudi nyumbani mwacheni amwage chai. Hao wanaochunguza seli za ubongo wanaendelea, na ninaomba wafanikiwe. Bado nasoma habari zao kila ninapozipata. Lakini wakati wanatafuta, kuna kazi inayowezekana kwenye gunia.

Mama hakurudi kama zamani. Kalamu haishiki, sindano haishiki. Kahawa anachagua, polepole, na fungu lake siku hizi karani hulipima bila kulirudisha. Chai ananimiminia yeye, na kisahani hujaa. Nainywa hiyo ya kisahani kwanza.

Na mimi? Bado naogopa makosa. Bado nikiandika risiti ya redio naitazama mara mbili. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja alianguka sokoni Karatina, karibu na wauza vitunguu, mdomo umekwenda upande. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliingia katikati ya barabara nikiwa na kiatu kimoja, kingine kimenitoka mbioni, nikasimamisha gari.